Konigsberg Fupi

Godoro ndilo lililotangulia kushuka. Kinyanjui alikutana nalo kwenye ngazi, kati ya orofa ya tatu na ya nne, limebebwa na vijana wawili wasioonekana nyuso. Na kwa kuwa ngazi za magorofa ya mtaa wa Pipeline hazikujengwa watu wawili wapishane, sembuse mtu na godoro, ilimbidi aegemee ukuta, avute tumbo ndani, na ainue juu lile bati la biskuti alilokuja nalo, kama mtu anayevuka mto na nguo zake kichwani.

"Chunga hapo, guka!" sauti ikatoka nyuma ya godoro, ikimwita babu kwa Kikuyu. "Ukibebwa na hii kitu utajipata Hargeisa na huna pasi!"

"Nibebeni tu," Kinyanjui akasema. "Nimechoka na ngazi."

Wakacheka, wakapita. Godoro likafuatwa na meza ya kioo, kisha kapeti lililokunjwa, kisha mama mmoja wa orofa ya pili aliyekuwa amekuja kuomba aachiwe pipa la maji, na sasa alikuwa analiteremsha mwenyewe upesi kabla wenyewe hawajabadilisha nia. Nyumba ya rafiki yake Abdimajid, aliyekuwa anahamia Hargeisa, ilikuwa inamwagika kidogo kidogo kwenye ngazi, na Kinyanjui ndiye mtu pekee aliyekuwa anapanda.

Kwenye kona ya orofa ya tano aliketi, bati mapajani. Magoti yake yalikuwa yamezunguka nchi hii yote: yalipanda malori akiwa utingo, yakachutama kwenye jiko la meli ya ziwani kule Kisumu, yakasimama malindoni Mombasa, na mwisho yakapiga kambi mbele ya tanuri pale Light Industries, Kariobangi, ambako alikuwa akiyeyusha alumini na kuimwaga iwe sufuria. Sasa yalikuwa yanadai mapumziko yao, na hayakuwa na adabu katika kudai.

Jambo alilolitaka lilikuwa moja, wala halikuwa kubwa. Alitaka mchezo uendelee. Abdimajid angekuwa kule Hargeisa na meza yake, yeye angebaki Kariobangi na meza yake, kila mmoja na manowari zilezile juu ya mistari ilelile ya chaki, na Jumapili baada ya chakula wangepigiana simu na kuzamishana kama kawaida. Ndiyo iliyokuwa kazi ya lile bati. Ndani yake, zimefungwa kwenye vipande vya shuka kuukuu, mlikuwa na manowari nne za alumini, ndefu zaidi ikiwa urefu wa kiganja cha mtu mzima. Abdimajid akizikubali, mchezo upo. Akizikataa, umekwisha, kwa sababu ndege ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo na hapakuwa na muda wa kumwaga nyingine.

Na Abdimajid hakuwa mtu wa kukubali ovyo.

Walijuana kwa njia hiyo hiyo ya kukataliwa. Miaka mingi nyuma, Abdimajid alikuja Light kununua sufuria za jumla za duka lake la Eastleigh. Akaona juu ya rafu ya Kinyanjui kimeli kidogo, kilichomwagwa kwa mabaki ya chuma na kwa kumbukumbu. Kinyanjui alikuwa ameona mizinga miwili ya zamani pale Fort Jesus enzi za utingo, akaambiwa mmoja ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani na mwingine kwenye ya Waingereza waliyoizamisha, na habari hiyo ikamkaa. Abdimajid alikichukua kile kimeli, akakigeuza, akakirudisha.

"Hii ni Konigsberg?"

"Ndiyo."

"Dohani ziko tatu, vizuri. Lakini hii ya mbele umeisogeza mbele mno. Nahodha angeungua mgongo."

Babu yake Abdimajid alikuwa mchochezi wa makaa katika meli za Waingereza, mmoja wa wale Wasomali wa Berbera walioishi tumboni mwa meli bila kuona bahari, na mjukuu aliyarithi mambo ya meli kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Alikuwa na picha alizochapisha saiba, kwenye duka la intaneti, na kitabu kilichopoteza jalada. Kinyanjui akakiyeyusha kile kimeli siku hiyohiyo, akatengeneza kingine. Nacho kikarudishwa. Cha tatu ndicho kilichopita, na urafiki ukaanzia hapo.

Mchezo wenyewe inafaa uelezwe, maana wengi waliochungulia kile chumba cha nyuma cha hoteli ya Teresiah kule Kariobangi, walikochezea kila Jumapili, walidhani ni uganga. Vita vilikuwa vya pwani hii yetu, wakati wa ile Vita Kuu ya Kwanza. Konigsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, haiwezi hata kuondoka, ikaizamisha. Baadaye ikajificha ndani ya mto Rufiji, mpaka Waingereza walipoleta Severn na Mersey, manowari mbili bapa za kuelea kwenye maji haba, zikaimaliza mlemle kwenye matope. Hayo yalikwisha kutokea na hayabadiliki. Lakini mezani unaweza kuyarudia uone kama wewe ungekuwa na akili zaidi. Unatazama meli ya mwenzako, unakadiria umbali kwa jicho, unautamka kwa sauti. Teresiah, mwenye hoteli na mwamuzi, ananyoosha tepu. Ncha ya tepu ikigusa chuma, umepiga. Ikigusa meza, umelisha samaki.

Kwa hiyo urefu wa meli ni kila kitu. Meli ikipungua, inakuwa vigumu kupigwa, na huo si ushindi, ni wizi. Ndiyo maana walikuwa na sheria yao: meli haiingii mezani mpaka ipimwe na kupasishwa, na anayepima si yule aliyeimwaga. Abdimajid aliishika sheria hiyo kama swala. Severn aliikataa kwa dohani. Konigsberg ya Rufiji aliikataa kwa sababu ilikuwa na milingoti mitupu, na ile ya kweli ilipojificha ilifungwa matawi ya miti mlingotini isionekane kwa mbali. Kinyanjui alinyofoa sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, akabandika matawi. Teresiah alitafuta sponji yake siku mbili.

"Wanaume wazima," alisema alipoiona juu ya mlingoti. "Mungu anawaona."

Lakini yeye ndiye aliyeendelea kunyoosha tepu.

Sasa, kosa la lile bati lilikuwa hivi. Ukitaka kumwaga chuma, unachonga kwanza umbo la mbao, unalikandamiza kwenye mchanga mbichi, unalitoa, unamimina uji wa alumini mahali lilipokuwa. Maumbo ya mbao ya manowari zao Kinyanjui aliyaweka juu ya dari ya kibanda, na alipoyapandia mwezi ule, baada ya Abdimajid kumwambia kuwa anahama, alikuta mchwa wameshafanya karamu. Ilitakiwa achonge upya. Alikaa na kipande cha mbao na patasi jioni nzima, akakitazama. Mkono haukutaka. Akachukua meli zenyewe, zile za zamani, akazikandamiza mchangani badala ya mbao.

Hakuna fundi wa Light asiyejua kwamba chuma kikipoa kinarudi nyuma. Ndiyo sababu umbo la mbao huchongwa kubwa kidogo. Ukimwaga sufuria kutoka kwa sufuria, unapata mtoto wa sufuria. Kinyanjui alikuwa amewafokea wengine kwa kosa hilo hilo. Akafanya, akijiambia ni unywele tu. Kisha zilipotoka zikiwa na miiba akazipiga tupa, na kila mpapaso wa tupa ukala tena kidogo.

Asubuhi ile Teresiah aliziweka sambamba na za zamani juu ya meza, akiwa bado na unga wa chapati mikononi. Konigsberg mpya ilikuwa fupi kwa nusu ya ukucha.

"Hizi zitarudi, Kinyanjui."

"Huenda asione."

"Abdimajid? Asione?" Teresiah alicheka mpaka akashika meza. "Yule ataona hata kabla hujafungua bati."

Ndilo neno alilopanda nalo ngazi zote zile. Akainuka, akamalizia orofa iliyobaki.

Mlango ulikuwa wazi na nyumba ilikuwa na mwangwi. Katikati ya chumba Ardo, mke wa Abdimajid, alikuwa ameinamia sanduku la bluu akiwa na mizani ya kuning'iniza, akitoa blanketi, akirudisha, akitoa tena.

"Shemeji, karibu. Usitafute kiti, viti vimeenda. Kaa juu ya sanduku hilo jeusi, huenda likapungua kilo."

"Yangepungua kwa kukaliwa, Mama Ilwad, ningekuja jana."

"Na hilo bati? Umetuletea biskuti za safari?"

"Chuma."

"Ya Allah." Ardo alisimama, mikono kiunoni. "Hata leo? Watu wa uwanja wa ndege wakiweka hilo bati kwenye mashine yao, watamwona mzee mwenye ndevu za hina amebeba mizinga. Mimi nitasema simjui. Nitapanda ndege peke yangu."

"Ni mizinga midogo."

"Nyoka mdogo ni nyoka."

Abdimajid alikuwa karibu na dirisha, ameketi juu ya mtungi wa maji uliolazwa, ameshika pasipoti kwa mikono miwili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na leo alionekana kama koti lililotundikwa. Binti yao Ilwad alikuwa na kliniki kule Hargeisa, na kwa miaka mitatu alikuwa akiwaita; mwaka huu waliishiwa na sababu za kukataa.

"Kinyanjui," akasema. "Umepanda."

"Nimepanda. Nimeleta."

"Leta tuone."

Kinyanjui akaliweka bati sakafuni mbele yake, kama mtoto aliyepeleka daftari kwa mwalimu. Alikuwa ameshapanga maneno. Angesema mchwa. Angesema kazi ya sufuria za kanisa ilimbana. Angesema, mwisho kabisa, kwamba kama zote nne zimepungua kwa kiasi kilekile basi vita bado ni vya haki, na hapo Abdimajid angewaka, wangebishana, na kutoka kwenye ubishi huo wangepata njia, kama walivyoipata siku zote.

Abdimajid akafungua kifuniko. Akainua kona ya kitambaa kimoja. Akaigusa Konigsberg kwa ncha ya kidole, pale kwenye dohani ya kati, akarudisha kitambaa.

"Maashallah," akasema. "Nzuri sana. Umefanya kazi kubwa." Akafunga kifuniko. "Ardo, hili tafuta mahali uliweke katikati ya nguo."

Basi. Ndiyo ilikuwa yote.

Kinyanjui alibaki amechutama. Alikuwa amekaza misuli apokee pigo, na pigo halikuja, na mwili haukujua uweke wapi ule mkazo. Akasema asante. Akasema anatoka kidogo kwenye veranda apate hewa, ingawa hewa ya veranda ile ni ya nguo za watu na moshi wa jiko la jirani.

Simu ikalia. Teresiah.

"Haya, zimerudi?"

"Zimepita."

"Zimepita?" Nyuma yake kulikuwa na kelele za wateja na vijiko. "Zote?"

"Zote."

"Amezipima na nini?"

"Hajazipima."

Teresiah akafunga mlango wa jikoni, kelele zikapungua. 

"Aa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Basi shuka urudi nyumbani, Kinyanjui. Kuna ndengu. Nitakuwekea."

Alikaa na simu mkononi baada ya kukatika. Chini, kwenye kichochoro, lile godoro lilikuwa limefika kwenye pikapu na vijana walikuwa wanabishana lilale ama lisimame. Mtu aliyewahi kurudisha meli kwa ajili ya upana wa punje ya mchele hakuchukua hata tepu. Si kwamba aliona akasamehe. Hakutazama. Na mtu hapimi kitu asichokusudia kukitumia.

Kinyanjui akarudi ndani.

"Abdimajid. Pima."

"Nimeshaziangalia."

"Hujaziangalia. Umezisalimia."

"Nitazipima huko tukifika."

"Huko ukiikataa nitamwaga nyingine lini, na nani akuletee?"

Ardo aliinua kichwa kutoka kwenye sanduku, akatazama mmoja, akatazama mwingine. Alikuwa ameolewa muda mrefu kiasi cha kujua hewa ikibadilika. "Gari liko chini, wazee," akasema, lakini kwa upole, na akatoka kwenda kuwafokea vijana wa godoro.

Abdimajid aliigeuza pasipoti, akaisoma jalada kana kwamba ni mara ya kwanza kuiona.

"Unataka nikwambie nini, Kinyanjui?"

"Utacheza?"

Mahali fulani kwenye jengo mtu alikuwa anajaza mtungi, na maji yaliendelea kupanda sauti mpaka yakafika shingoni.

"Nilijua utapanda na bati," Abdimajid akasema. "Nikasema, nitalipokea. Nitalibeba. Nitaliweka kwenye kabati la Ilwad. Jumapili utapiga, nitasema leo tuna wageni. Jumapili nyingine nitasema mtandao mbaya. Nyingine tena nitasema najisikia vibaya, na hiyo itakuwa kweli. Mwisho utazoea."

"Kwa hiyo ungenidanganya."

"Polepole. Si kwa mara moja."

"Ni macho?"

"Macho ni mazima."

"Basi ni moyo."

"Moyo pia ni mzima. Umechoka, basi. Wallahi, Kinyanjui, nimechoka. Nimezunguka na duka, nimezunguka na watoto, na kila Jumapili nimekaa kwa Teresiah nikizama ama nikizamisha. Nimeipenda, usiniulize kama niliipenda. Lakini kule nataka asubuhi nikae nje ya mlango, ninywe chai yangu, na nisikadirie umbali wa kitu chochote."

Kinyanjui alitafuta hasira akaikosa. Alichokipata mahali pake kilikuwa kile kipande cha mbao, na patasi, na mkono uliokataa. Mtu anayetaka mchezo uendelee angechonga. Angekesha akichonga. Yeye alichukua njia ya mkato ambayo asingemruhusu mtu mwingine yeyote pale Light, kisha akaja kupanda orofa sita kumtaka mwenzake awe na nguvu ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo. Hilo hakulisema. Alitia mkono mfukoni akatoa tepu.

"Pima hata hivyo."

"Ya nini sasa?"

"Meli haiingii mezani bila kupimwa. Na hata kama haiingii, ipimwe."

Abdimajid aliitazama ile tepu. Kisha akaiweka pasipoti sakafuni, akatoa miwani mfukoni mwa shati, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. Akafungua bati. Akaifunua Konigsberg yote, akailaza juu ya goti, akanyoosha tepu kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma. Akakunja uso. Akainyoosha tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba meli inaweza kuwa ndefu ukiipimia kwa nyuma.

"Hii ulimwaga kutoka kwa mbao?"

"Mbao zililiwa na mchwa."

"Sijakuuliza mchwa wamekula nini. Ulimwaga kutoka kwa nini?"

"Kutoka kwa meli."

"Kutoka kwa meli!" Abdimajid alisimama, na mtungi ukabiringika nyuma yake. "Kinyanjui! Wewe! Mtu wa Light! Si ni wewe uliyenifundisha kwamba chuma kikipoa kinarudi nyuma? Nilikuwa najua nini mimi, muuza sufuria?"

"Ni mimi."

"Halafu ukaweka tupa juu yake!"

"Ilikuwa na miiba."

"Miiba! Hii si Konigsberg, huu ni mtumbwi wa Mjerumani! Na matawi umeyaweka upande mmoja, upande huu wa pili ulidhani utaonwa na nani, ndege tu? Leta hiyo Severn. Leta." Akaipima Severn, akaguna. Akaipima Mersey. "Hizi zilikuwa ndugu, na sasa moja imekuwa mjomba wa nyingine. Na hii Pegasus, nanga yake iko wapi? Meli imesimama bandarini, mitambo imefunguliwa, haina nanga. Imesimama kwa nini, kwa adabu?"

Ardo alichungulia mlangoni, mkono kifuani. "Mnapigana?"

"Mume wako ananitukana," Kinyanjui akasema.

"Alhamdulillahi," Ardo akasema. "Nilidhani kuna mgonjwa." Akaondoka tena.

Abdimajid alirudi kuketi akitweta. Mashavu yalikuwa yamepata damu. Alizipanga zote nne juu ya kifuniko cha bati, akaziangalia, na damu ile ikarudi ilikotoka, taratibu.

"Hazipiti," akasema. "Hata moja."

"Asante," Kinyanjui akasema, na alimaanisha.

Kinyanjui akaichukua tepu yake, akaikunja. Akasema, "Zile za zamani ziko kwa Teresiah. Zile ni za kweli. Naweza kumpigia amtume mtu wa boda."

"Na wewe ucheze na nini?"

"Sitacheza na mtu mwingine."

"Basi mimi nizibebe niende nikazitazame? Zikae." Abdimajid alianza kuzifunga zile fupi kwenye vitambaa vyake, moja moja, kwa uangalifu ambao hazikuustahili. "Teresiah alijua?"

"Aliona asubuhi."

"Na bado ukapanda."

"Nilikuwa nimeshazimwaga."

Abdimajid alitikisa kichwa, akacheka bila sauti, akampa bati.

Ardo aliporudi na kusikia kwamba vyuma haviendi, hakuuliza kwa nini. Alifungua sanduku la bluu, na katika ile nafasi iliyobaki akashindilia pakiti mbili za unga wa mahindi, kwa sababu, alisema, Ilwad amekaa huko hadi amesahau ugali unavyosimama.

Wakashuka wazee wawili, mmoja na bati, mwingine na pasipoti. Orofa ya tatu wakapumzika bila kuambizana. Mlango wa nyumba moja ulikuwa wazi, redio inasoma mahubiri, na mtoto akawatazama huku akila mkate. Hawakuzungumza juu ya meli. Abdimajid aliuliza kama lile goti la kushoto bado linauma usiku. Kinyanjui akasema linauma mchana pia siku hizi.

Chini, gari lilikuwa limewasha injini. Ardo alikuwa ameshaingia na kukaa na mizani yake mapajani.

"Usinipigie Jumapili," Abdimajid akasema.

"Nitakupigia Jumatano."

"Jumatano ni sawa."

Wakapeana mkono, kisha wakaona mkono hautoshi, wakakumbatiana na bati likawa katikati likiwaumiza wote. Dereva akapiga honi. Vijana wa godoro walikuwa wamekaa juu ya kuta za mtaro wakinywa soda waliyonunuliwa.

"Guka," mmoja akasema gari lilipokata kona, "mbona hiyo bati haijaenda nao?"

"Ni fupi," Kinyanjui akasema, akaanza kutembea.

Abdimajid na Ardo walifika Hargeisa salama, na masanduku yote yalifika isipokuwa lile jeusi, lililokuja baada ya wiki. Simu za Jumatano ziliendelea mwaka mmoja na zaidi, mara nyingi zikihusu magoti na bei ya nyama. Kisha zikawa za mwezi kwa mwezi, kisha za Idi na za Krismasi. Abdimajid alifariki mwaka wa tatu, usingizini. Ardo ndiye aliyepiga. Yeye yupo bado, anakaa na Ilwad, na husaidia kusajili wagonjwa kwenye kliniki.

Zile manowari nne fupi zilikuwa zimeingia tanurini wiki ileile ya safari pamoja na mabaki mengine, zikatoka vifuniko vya sufuria.

Teresiah alipoteza hoteli barabara ilipopanuliwa. Alihamia Kayole kwa binti yake Kate na anauza githeri, mahindi na maharagwe, asubuhi karibu na soko. Manowari za zamani alihama nazo kwenye ndoo, na ziko chini ya kitanda. Kate amemuuliza mara mbili kama anaweza kuziuza kwa vyuma chakavu, na mara mbili ameambiwa hapana.

Kinyanjui alifanya kazi mpaka kifua kikakataa moshi. Kibanda cha Light alimwachia Mbinya, mama wa Kitui aliyekuwa akiwauzia mkaa pale, na Mbinya anamwaga sufuria nzuri kumshinda. Yeye anaishi chumba kimoja Kayole, si mbali na kwa Teresiah, na anakula huko siku nyingi. Mchezo hakuucheza tena. Goti la kushoto lilifanyiwa upasuaji, la kulia bado.